Mhehe wa Wiki Moja

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefukuzwa! Si kwa ugomvi. Kwa heshima kabisa, na chai tumepewa. Mwenye nyumba wetu hapa Ihumwa, Meshack, alituita wapangaji wote uani asubuhi akasema treni imeleta wageni, wageni wanataka pa kulala, kwa hiyo nyumba yake inageuka gesti. Mwisho wa mwezi vyumba viwe vitupu. Akaongeza kwamba anatupenda sana. Nani alimuuliza?

Sikudhani hakupaza sauti. Mke wangu akikasirika kweli hushusha sauti, na leo ilibidi nimsogelee ndipo nisikie. Alisema shamba la alizeti aliloachiwa na marehemu baba yake kule Kondoa liliuzwa Mei, fedha ziko benki, na mimi nilipewa kazi moja tu, kutafuta nyumba. Muda wote huu nimetafuta nini? Nikasema nilikuwa nalisoma soko. Akasema mwezi ukiisha bila nyumba, yeye na Salma wanakwenda Kondoa kwa mama yake, nami nibaki hapa niendelee kusoma.

Salma ni binti yetu. Januari anaanza darasa la kwanza. Sitaki akaanzie Kondoa. Wala sitaki kula peke yangu kama mlinzi wa godauni. Nimeandika hivyo hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi kusema.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Mchana nilikuwa Miyuji, juu ya paa la mteja, namfungia dishi. Nikainua macho mlimani. Katikati ya majabali, nyumba ndogo ya tofali za kuchoma. Bati jekundu. Baraza pana. Mzabibu umepanda nguzo ya baraza mpaka juu. Pimbi wameketi kwenye jiwe wanaota jua bila wasiwasi wa kodi. Ukikaa pale mji wote uko chini yako. Niliipenda papo hapo, nikasahau kukaza skrubu za dishi la watu.

Ina kasoro moja. Ukutani imeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI.

Mjinga angekata tamaa. Mimi nawajua watu. Mtu haandiki kwamba kitu hakiuzwi mpaka awe ameshafikiria kukiuza.

Jumanne, 5 Agosti

Nimerudi kwa mteja kukaza skrubu, nikachimba habari. Niliona mbali! Mwenye nyumba ni Bibi Emilia, Mgogo, mjane. Yale maandishi aliyaweka baada ya wapwa zake kutaka kuiuza kwa siri. Ukweli ni kwamba anataka kuuza. Anataka kurudi kwao Haneti, aliko dada yake na shamba la mtama. Ila anasema atamuuzia mtu anayemtaka yeye, si mwenye haraka. Madalali amewafukuza kwa mawe, na mlima ule hauna upungufu wa mawe.

Nikakimbia nyumbani kumwambia Sikudhani. Nikamwambia kwa furaha. Kwa sauti. Nikasahau kwamba kuta za Meshack ni nyembamba na upande wa pili anakaa Yotham.

Yotham ni karani wa ofisi fulani huko mjini. Ana gari dogo jeupe ambalo hulifuta vumbi mara tatu kwa siku, jambo la ajabu kwa mtu anayeishi Dodoma mwezi Agosti. Hufunga tai hata Jumapili jioni. Huniita "Fundi" kwa sauti ya kunionea huruma. Naye amepewa notisi, naye anatafuta nyumba. Na kibaya kuliko vyote ni Mgogo. Wa wapi? Haneti!

Saa moja jioni nilimkuta mlangoni akipiga viatu rangi na mluzi juu. Akaniambia nyumba nzuri huwa inabaki kwa ndugu. Nikamwambia kweli kabisa. Moyoni nikasema mengine.

Jumatano, 6 Agosti

Yotham amekwenda mlimani. Nimepata habari yote, maana aliileta mwenyewe uani na kuigawa kama sadaka. Alimsalimia bibi kwa Kigogo, Mbukwa, na bibi akaitika. Akataja ukoo wake, bibi akaujua. Sasa anamwita shangazi. Amekula ugali na mlenda akaongezewa. Kila aliposema shangazi alinitazama.

Nimekaa kitandani nikitafakari. Sikudhani akanishauri. Ushauri wake huu hapa: nipande mlimani, nitoe shikamoo, niseme mimi ni Hashimu, fundi dishi, mtu wa Kondoa, tuna mtoto mmoja, tunataka nyumba ya kuishi. Basi. Nilimwonea huruma. Hivyo ndivyo watu wanavyonunua nyanya.

Halafu, wakati napiga mswaki, likanijia. Ndugu huomba, mtani huchukua! Ndugu akija anapewa ugali. Mtani akija anabeba na sufuria, na mwenye sufuria anacheka. Nani asiyejua kwamba Wagogo na Wahehe ni watani? Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakabaki kutaniana. Mtani anaweza kumwambia bibi kizee bei yako ni ya kichaa na asichukiwe. Yotham hawezi. Ndugu akisema hivyo ni utovu wa adabu.

Kwa hiyo mimi ni Mhehe. Nilipoamua tu nilihisi mabega yakipanuka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nimempeleka Salma viwanja vya Nzuguni kuona ng'ombe. Yaani hivyo ndivyo mama yake anavyojua. Mimi nilikuwa natafuta Wahehe.

Nimempata mmoja kwenye banda la watu wa Iringa, dada anaitwa Erica, anauza asali na viazi. Nilinunua viazi ili kufungua mazungumzo. Nikamweleza kwamba nataka kuwa Mhehe kwa muda. Hakushangaa sana, nadhani siku hizi wanauliza wengi. Akanifundisha salamu, Kamwene. Nikairudia mpaka Salma naye akaishika. Akanipa jina la ukoo, Kihwele. Akanifundisha kwamba Mgogo unamtania kwa mlenda wake: unasema chakula kinachoteleza kinakwenda wapi tumboni?

Akaanza kunieleza kwamba utani nao una kazi zake, si maneno tu, na kwamba kwenye misiba mtani ndiye... Hapo Salma akataka kumwona dume kubwa la maonyesho. Nikamwambia dada asante, nimepata ya kutosha. Kuzidisha elimu ndiko kunakowaharibu watu kama Yotham.

Jumamosi, 9 Agosti

USHINDI! Nusu ushindi, basi.

Nimepanda mlimani na ngazi yangu begani, nionekane mtu wa kazi. Nimevaa koti langu la ngozi, maana upepo wa pale ni wa kukata masikio. Bibi Emilia alikuwa barazani anapepeta mtama. Mdogo wa mwili, macho makali. Hapo nikakwama: mtani anatoa shikamoo au hatoi? Erica hakusema. Nikachanganya. Nikasema shikamoo bibi, kamwene, wewe kibibi mchoyo, umejificha huku juu usije ukaombwa mlenda!

Pimbi jabalini waliacha kutafuna. Nikaona mkono wake unaelekea kwenye jiwe.

Halafu akacheka! Akacheka mpaka ungo ukamwagika. Akauliza mimi ni nani, nikasema Hashimu Kihwele, mtani wako. Akaniuliza mara mbili, Mhehe kweli? Nikasema kabisa, wa Iringa mjini. Akasema karibu, pimbi wewe, mji wa Dodoma umeishiwa watani wa maana, waliobaki wanataniana kwenye simu. Nikamwambia nyumba yake nimeiona, inafaa kufugia mbuzi, lakini kwa kuwa ni mtani wangu nitamsaidia kuinunua. Akasema maneno ya nyumba hayana haraka. Akaniuliza koti nimeliiba wapi.

Nikasema ni langu. Akasema lilikuwa langu. Akalivaa! Linamfika magotini. Nikacheka, kwa kuwa mtani lazima acheke. Kisha akasema na ngazi ibaki, ana mzabibu wa kupogoa. Nikacheka tena, kidogo kidogo.

Nimeshuka mlima bila koti na bila ngazi. Baridi. Lakini je, Yotham alivuliwa nini? Hakuvuliwa kitu! Maana yake mimi ndiye niliye karibu zaidi na moyo wake.

Jumapili, 10 Agosti

Fundi dishi bila ngazi ni mtazamaji tu. Leo wateja wawili nimewaambia hali ya hewa si nzuri kwa masafa.

Nimerudi mlimani kuichukua. Bibi akasema mtani hadai, mtani anachukua, na kama naona ngazi nichukue. Sikuiona. Ameificha! Nimetafuta nyuma ya nyumba, kwenye majabali, mpaka chooni. Yeye yuko barazani ndani ya koti langu, anakula karanga na kunielekeza kwa makusudi pasipo na ngazi. Basi na mimi nikakumbuka haki yangu. Nikamkamata kuku wake, jike jeupe lenye kishungi, nikaondoka nalo kwapani. Nyuma yangu nilimsikia anapiga kigelegele.

Nyumbani Sikudhani akauliza kuku wa nani. Nikasema wa mteja, amenipa kwa shukrani. Akauliza mteja gani anayeshukuru Jumapili. Nikasema Mkristo. Sikudhani akamfunga kuku mguu akaniangalia muda mrefu.

Salma akamsalimia kuku Kamwene. Nikakohoa.

Jumanne, 12 Agosti

Kuku hayupo. Sikudhani amesema hali kitu asichojua kilikotoka, na kwamba Salma amemweleza kila kitu kuhusu dada wa asali. Kumbe mtoto ana kumbukumbu kama benki! Basi mke wangu alimbeba kuku asubuhi akatoka. Nikamuuliza amempeleka wapi. Akasema kwa mwenyewe. Mwenyewe hamjui, hivyo nadhani amemwachilia njiani, na sikutaka kuendeleza mada.

Alirudi jioni na furushi la mlenda mkavu. Nikamwambia sokoni siku hizi wanauza mlenda mzuri. Akasema ndiyo, mzuri sana. Alikuwa anatabasamu. Siku zote hizi hakuwa ametabasamu na nimeona nisichunguze.

Yotham amekwenda tena kwa shangazi yake. Leo alipeleka sukari na picha zake za mahafali. Yuko tayari kumaliza mambo wiki hii, amesema. Huwa anasema "kumaliza mambo" huku akinyoosha tai.

Jumatano, 13 Agosti

Bibi Emilia amenipigia simu. Yeye mwenyewe! Namba yangu sijui ameipata wapi. Nilijua ni nyumba. Nikanyoosha mgongo kabla ya kupokea.

Si nyumba. Jirani yake wa chini kidogo ya mlima, Mzee Silvano, amefariki usingizini, umri umekwenda. Kesho ni mazishi. Bibi amesema mtani, kazi imefika, na akakata simu.

Kazi gani? Nimejaribu kumpigia Erica, nikakumbuka sikuchukua namba, nilichukua viazi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nitaandika polepole.

Nilifika msibani kwa adabu, kofia kichwani, nikakaa na wanaume. Sikukaa hata dakika. Bibi Emilia akanishika mkono akanipeleka mbele ya watu akatangaza mtani amekuja. Watu wakashangilia. Kwenye msiba! Wakanivalisha shati la kazi la marehemu na kofia yake ya pama. Wakanipa fimbo yake. Mjane wa Mzee Silvano akaniambia nitembee kama mume wake. Simjui mume wake! Nikatembea kama ninavyotembea mimi nikiwa nadaiwa, nimeinama, natazama nyuma. Kumbe ndivyo alivyotembea. Mjane akaangua kicheko na machozi pamoja, na wanawake wote wakacheka naye, wakalia tena, wakacheka.

Hapo nilianza kufurahi. Kosa langu.

Kwa maana akatokea Mwalimu Luka, mstaafu, anakaa hapo hapo mlimani. Mhehe. Mhehe wa kweli, wa kuzaliwa! Akaja amefungua mikono akanisemesha Kihehe kirefu. Nikajibu Kamwene. Akasema kingine. Nikajibu Kamwene, kwa huzuni zaidi. Akarudi kwenye Kiswahili akaniuliza ukoo wetu wa Kihwele una mwiko gani, yaani hatuli nini. Nikafikiri haraka. Nikasema nguruwe.

Kilichofuata sikukielewa. Mwalimu Luka alimtazama Bibi Emilia. Bibi Emilia alitazama mbali, mabega yanamruka. Mwalimu akasema kwa sauti ya darasani: sawa, ndugu yangu, basi wewe ndiye mwenye zamu, ingia kaburini.

Nikadhani sikusikia vizuri. Nilisikia vizuri. Mtani hulala kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa wamkomboe kwa chochote kile. Katekista mwenyewe alisimama pembeni ameshika kitabu, anangoja, kama mtu anayejua kwamba hapo si zamu yake. Wakanishusha. Nikalala. Udongo wa Miyuji ni baridi na una kokoto.

Niseme ukweli, niko peke yangu na daftari. Nilipolala pale nikaona kipande cha anga tu. Nikafikiri nyumba sipati. Mwalimu ameshanijua, mlima mzima umeshanijua, na mwisho wa mwezi Sikudhani anapanda basi la Kondoa na mtoto wangu ananipungia mkono dirishani. Yote kwa sababu nilishindwa kusema mimi ni Hashimu. Nikalia. Nililia kwa sauti, sikuweza kujizuia. Huko juu wakasema mtani huyu hatari, tazama anavyoigiza! Wakapiga makofi.

Sasa akatafutwa wa kunikomboa. Mtu akasema si yupo Yotham, wiki nzima anaita watu shangazi na babu? Ndugu ndiye anayekomboa. Chochote kinatosha, hata sarafu, hata njugu. Nikamsikia Yotham, na sauti yake ilikuwa juu ya kichwa changu kabisa. Akasema ana kikao. Akasema suti yake imejaa vumbi. Akasema zama hizi za treni ya umeme watu bado wanalaza wajinga kaburini, waache ushamba, wazike mtu wao waende.

Watu wakampisha apite. Kisha nikasikia mlango wa gari unafungwa.

Aliyenikomboa ni mjane. Alishusha njugu mawe kwenye kitambaa, akaniambia asante mwanangu, mzee wangu angecheka sana. Nikatoka. Nikashika koleo nikafukia na wengine mpaka mwisho, na hilo halikuwa sehemu ya mpango wowote.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda msikitini. Nimeomba msamaha kwa Mungu na kwa Wahehe wote.

Sikudhani anapanga nguo za Salma kwenye begi kubwa. Nikamuuliza anapanga za kwenda wapi. Akasema za kwenda tutakakokwenda. Sikulipenda jibu hilo. Nikamweleza yote: Uhehe, koti, ngazi, kuku, kaburi. Nilitegemea ashushe sauti. Badala yake akaniuliza kama kokoto ziliniumiza mgongo, akaniletea mafuta, akanikanda. Wakati ananikanda nilihisi kitanda kinatikisika. Alikuwa anacheka, shuka mdomoni.

Wanawake wakikata tamaa kabisa huwa hivyo. Sikulala vizuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Bibi Emilia alituita. Sote wawili. Nilishangaa alijuaje kwamba nina mke, maana mimi kama Mhehe sikumtaja.

Tulipofika, bibi akamkumbatia Sikudhani, akamuuliza hali ya mtoto. Yule kuku jike jeupe akapita mbele yetu bila hata kunitazama. Ndipo nikaelewa, na masikio yakapata moto.

Kumbe Jumanne mke wangu alipanda mlima na kuku kwapani! Alitoa shikamoo. Akasema anaitwa Sikudhani, mume wake ni Hashimu, fundi dishi, Mrangi wa Kondoa tangu kuzaliwa, si mwizi ila ana mipango mingi. Akasema ameuza shamba la baba yake na anataka nyumba ya kuishi, na angefurahi kuona huo mzabibu ukizaa. Akasaidia kupepeta mtama mpaka jioni. Bibi anasema aliamua siku hiyo hiyo.

Na mimi je? Bibi akasema alinijua siku ya kwanza. Mhehe gani anatoa Kamwene kama anayepiga mnada wa vitunguu? Mwalimu Luka ni jirani yake wa miaka, na Wahehe wa mlima wote anawajua. Nikauliza kwa nini basi aliniacha mpaka kaburini. Akacheza na kifungo cha koti langu. Akasema tangu alipozikwa mume wake hakuwa amecheka hata siku moja. Akasema anaondoka hapa, na alitaka kuona kama atakayekaa kwenye nyumba yake ni mtu wa kufukia kaburi la jirani au ni mtu wa kikao. Yotham ni damu yake kabisa, akasema, lakini damu haishiki koleo.

Nilitaka kujibu kitu cha utani. Nikaishia kuokota mtama uliomwagika barazani.

Hati ataiandikisha kwa jina la Sikudhani. Jumatatu tunakwenda serikali ya mtaa na kwa mwanasheria. Wapwa wameshaambiwa na mwenyekiti wakae mbali. Mwalimu Luka atakuwa shahidi, na amesema atasaini akiwa na uhakika kwamba mimi sitasaini chochote. Ngazi nimerudishiwa; ilikuwa uvunguni mwa kitanda cha bibi muda wote. Koti hapana. Haneti usiku kuna baridi, na mtani hadai.

Tulipokuwa tunashuka Sikudhani alinishika mkono njia nzima mbele za watu. Sikumbuki lini tulifanya hivyo. Nikafanya hesabu. Bila uongo wangu, hakuna kuku. Bila kuku, Sikudhani hapandi mlima. Bila kupanda, hakuna nyumba. Kwa maneno mengine mpango wangu umefaulu kwa asilimia mia moja! Sikumwambia. Si vizuri kujisifu.

Jumapili, 31 Agosti

Naandika haya nikiwa barazani. Kwetu! Bibi Emilia aliondoka juzi, tukamsindikiza mpaka stendi, akanitukana mpaka basi linapinda kona. Salma amewapa pimbi wote majina. Sikudhani anapika jikoni mwake na anaimba, na ninamsikia kutoka hapa. Yotham amepanga chumba nyuma ya ofisi yake. Nilimpelekea viazi. Nilitaka amwone mtu mwenye hati. Au mume wa mwenye hati.

Nimeapa mbele ya Sikudhani, mkono juu, kwamba sitajipachika kabila la mtu tena maishani. Nimejifunza. Ukweli ni kitu kizuri, na ni rahisi kukumbuka.

Tatizo ni maji. Huku juu presha haifiki, bomba linakohoa tu. Jirani wa upande wa pili wa jabali, Mzee Joshua Haule, ana kisima na tangi kubwa na pampu ya jua. Watu wanachota kwa foleni na ndoo. Mimi nikatazama tangi, nikatazama jiko letu, nikaona bomba moja tu, limenyooka, linateremka lenyewe. Sikudhani amesema niende nitoe shikamoo nimuombe. Hivyo tu. Hajabadilika.

Mzee Haule ni Mngoni wa Songea. Nimemuuliza Mwalimu Luka, kijuujuu tu, kwa ajili ya kuongeza maarifa, Wangoni watani wao ni nani. Akasema wengi, wakiwemo Wasukuma.

Sasa, mama yangu aliwahi kuniambia kwamba bibi yake mmoja alipita Shinyanga. Alipita tu, lakini alilala.

Mwangaluka, ndiyo salamu ya Wasukuma. Nimesema mara tano mbele ya kioo. Linatoka vizuri sana.